Mtu kwa Injini

Ijumaa ni siku ya soko Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, na ukiingia pale ukaulizia chumvi safi, chumvi isiyotiwa mchanga, utaelekezwa kwa Kahambu. Hawatakutajia hata jina, watakuonyesha kwa kidevu tu. Meza yake iko nyuma ya wauza ndizi. Mikono yake imepasuka kama kisigino cha mkulima, kwa sababu kabla hajawa mchuuzi alisimama miaka mingi ndani ya maji ya chumvi kule Kabatoro, maji yakimfika mapajani, akikwangua chumvi kwa vidole. Wanawake waliofanya kazi ile wanajua chumvi huingia wapi na huwasha vipi. Mimi sisemi zaidi. Kahambu mwenyewe alikuwa akilisema peupe mbele ya wateja, na kucheka mpaka machozi. Siku hizo alikuwa bado na kicheko.

Alizaliwa ng'ambo, Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi upande wa Kongo wa Ziwa Edward. Vita vilimtoa huko akiwa na watoto watatu wa kiume na mume mwenye kikohozi. Mume alizikwa Bwera, walikohamia karibu na Mpondwe, kabla mwaka haujaisha. Mtoto wa kwanza alirudi Beni kuangalia shamba la baba yake, akakutana na watu wenye mapanga. Wa pili aliondoka na homa: asubuhi anakunywa uji, jioni amefunikwa shuka. Akabaki Kasereka, wa tatu, kama jina lenyewe linavyosema kwa Wanande, kabila lao. Kahambu alimlea kama mtu anayebeba yai kwenye njia ya mawe. Alimkataza ziwa. Alimtafutia kazi ya kubeba magunia mpakani, kazi ya kulinda ghala, hata kazi ya kufagia parokiani. Wapi! Samaki hafundishwi kuogelea. Kijana alipomwoa Marlène, binti wa watu wa Butembo waliokimbia kama wao, alisema mke hali ufagio, akachukua nyavu zake na kuteremka Kayanja kuvua.

Sasa lazima niwaeleze habari za watu wa matete, maana bila wao Kahambu angekuwa anacheka hadi leo. Ni watu wenye bunduki wanaojificha kwenye matete upande ule wa ziwa. Leo wana jina hili, kesho wana jina lile, wana makamanda, wana mihuri, wana nyimbo, lakini kwetu sisi ni wezi tu, wezi wa majini. Huvizia wavuvi. Huchukua nyavu, samaki na injini za boti, na mara nyingine huchukua watu. Wakiwa katikati ya ziwa hutumia injini, ila wakikaribia mawindo huizima wasisikike, na hapo ndipo mateka wao hushikishwa makasia. Yaani mvuvi anaibwa, kisha anapelekwa kwenda kuwaibia wavuvi wenzake. Shetani mwenyewe sidhani kama aliwahi kulifikiria hilo.

Kasereka alichukuliwa mwezi wa nane, mchana kweupe. Wenzake waliruka majini wakaogelea hadi wakaokolewa. Yeye alichelewa akihangaika kuukata wavu, na alipoinua kichwa, mtutu ulikuwa usoni. Wenzake walimletea Kahambu habari pale pale sokoni, viatu vyao bado vinachuruzika maji. Hakulia. Aliendelea kumpimia mteja chumvi kwenye kopo, kopo likajaa, likafurika, na yeye bado anamimina.

Wiki nyingi zilipita ndipo Desire akaleta neno. Huyu Desire ni mnunuzi wa samaki, Mkongomani, mtu wa kuvuka huku na huku, mwenye marafiki kila ufuko na bila adui anayejulikana. Mtu wa namna hiyo hapendwi wala hachukiwi, anahitajika. Alikuja nyumbani kwa Kahambu, akanywa chai, akaomba sukari zaidi, kisha akasema Kasereka ni mzima. Anapiga kasia. Wakubwa wa matete hawataki fedha, fedha zinawaletea ugomvi wao kwa wao. Wanataka kitu kimoja, ambacho Kongo ni haba na Uganda kipo.

"Mutu kwa motere," alisema Desire. "Njo bei yao, mama. Si mimi niliiweka."

Motere ni injini ya boti. Mtu mmoja, injini moja. Na Kahambu maishani mwake hakuwahi kumiliki hata baiskeli.

Hapo ndipo Marlène alipotuonyesha alivyo. Msichana yule tulimdhania ni laini, wa kupaka mafuta na kusuka nywele. Alipanda boda boda hadi Kisinga kwa mjomba wake, ambaye zamani alikuwa na boti, akaikuta injini kuukuu imelala kwenye zizi la mbuzi, mbuzi wanaikojolea. Mjomba alimpa kwa kumhurumia. Akaifunga kwenye gunia, akaipakata kama mgonjwa mpaka mjini Kasese, kwa fundi aitwaye Kosiya. Kosiya aliifungua, akatikisa kichwa, akasema itapona lakini pistoni zimekufa, mpaka zitoke Kampala. Akaahidi Alhamisi. Mafundi na Alhamisi zao mnazijua. Ikapita Alhamisi, ikaja nyingine, na kila mara Marlène alipanda gari kwenda Kasese na kurudi mikono mitupu, na kila mara alimwambia mama mkwe wake jambo moja, kwamba watu wa matete wamesema watangoja, basi na wao wangoje.

Kungoja! Subira yavuta heri, wanasema, na wanaosema hivyo mara nyingi watoto wao wamelala chumba cha pili. Kahambu alingoja, na chakula akawa anakirudisha chunguni. Akianza kuhesabu makopo anasahau, akianza rozari anapotea katikati. Alikonda mpaka kitenge kikawa kinamzunguka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu alikwisha kuujua kwa wawili, akawa hana tena mahali pa kuuweka wa tatu.

Basi ukaingia mwezi wa kumi, mwezi wa Rozari, na Padri Gracien akahubiri. Padri huyu ni Mkongomani pia, kijana bado, msomi, na Mungu amempa ulimi. Jumapili ile aliwasimulia waumini kwa nini mwezi wa kumi una sikukuu ya Mama wa Rozari. Aliwapeleka mbali, kwenye bahari iliyo kati ya Ulaya na Afrika, zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Enzi hizo, alisema, maharamia walitoka kwenye miji ya pwani wakivamia vijiji, wakiwakamata wavuvi kwenye nyavu zao na wakulima kwenye mashamba yao, na kuwafunga kwenye merikebu za makasia. Aliwaeleza merikebu hizo zilivyokuwa, ndefu na nyembamba, na wanaume wamepangwa kwenye mabenchi kila upande, mnyororo mguuni, mgongo wazi, wakila pale, wakilala pale, wakijisaidia pale pale. Mtu alivuta kasia miaka hadi akafa, wakamtupa majini na kufunga mwingine.

Kahambu alikuwa amekaa benchi la pili, na kila neno lilimwingia. Kisha Padri akafika kwenye vita vyenyewe. Merikebu za msalaba zilikutana na merikebu za sultani aliyewatawala maharamia wale, karibu na nchi ya Wagiriki, moshi ukafunika jua, makasia yakavunjika, na huko Roma Baba Mtakatifu yuko kwenye rozari. Merikebu za sultani zilipotekwa, alisema Padri, minyororo ikakatwa. Watumwa maelfu kwa maelfu wakapanda juu wakilia, wakiwakumbatia askari waliowaokoa, na wengine walikuwa hawajasimama wima kwa miaka. Waumini wakapiga makofi. Kahambu hakupiga. Alikuwa amefumba macho, na ndani ya macho yale Kasereka alikuwa anapanda juu.

Padri aliongeza kitu kidogo mwishoni, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye chakula kilichokwisha iva. Alisema palikuwa pia na watawa waliovaa kanzu nyeupe, ambao kazi yao ilikuwa kuombaomba sadaka na kwenda nayo kwa maharamia kuwakomboa mateka. Sadaka isipotosha, mtawa alijitoa mwenyewe akakaa kifungoni badala ya mfungwa. Baada ya misa Kahambu alimfuata kwenye mlango wa sakristia. Kwa kawaida huzungumza na mapadri kwa magoti na macho chini. Siku hiyo alimtazama usoni.

"Padri, bale bapadri ba nguo nyeupe beko wapi leo?"

Padri Gracien aliangalia viatu vyake. Alijibu kwamba shirika lao bado lipo, katika nchi nyingine, na kwamba siku hizi hufanya kazi za magereza na shule. Sadaka ya parokia, alisema, ilikwisha ahidiwa mabati, maana mvua ilikuwa inaingia juu ya altare. Akaahidi kumwombea Kasereka kila asubuhi, na mimi naamini alimwombea. Hakuwa mtu mbaya. Lakini Kahambu aliondoka pale amekwisha elewa kuwa upande wa kanzu nyeupe hakuna kitu, na kwamba katika hadithi nzima ya Padri kilichobaki ni askari.

Jumanne Desire alirudi, na safari hii hakuomba hata sukari. Alisema watu wa matete wanahama. Ijumaa alfajiri boti yao ingeingia kwenye ghuba ndogo ya matete, mbele kidogo ya Kayanja, kuchukua petroli na chumvi, kisha wangeelekea kusini kabisa, na wakishaenda kusini hawarudi. Injini ikiwa tayari, yeye Desire angeipeleka pale ghubani kwa mtumbwi wake na kurudi na Kasereka. Isipokuwa tayari, basi. Aliwaapisha wote wawili, Kahambu na Marlène, kwamba neno la ghuba lifie pale mezani. Kahambu alimuuliza hali ya mtoto. Desire alisema mikono imevimba, mengine yote mazuri. Kuna jambo moja hakulisema, kwa sababu ya huruma, na laiti angekuwa na roho mbaya kidogo akalisema.

Marlène alitoka nyumbani Jumatano kabla jua halijapanda. Alisema anaenda kuketi kwenye mlango wa Kosiya na hatatoka pale bila injini hata akifukuzwa na mbwa.

"Mama, uningoje," alimwambia Kahambu. "Alhamisi niko hapa na motere. Usifanye kitu."

Msichana yule alimjua mama mkwe wake. Lakini nyumba ilipobaki tupu, Kahambu alikaa na Alhamisi zote za Kosiya kichwani, akaona hii nayo itapita kama zile, na Ijumaa boti itaingia matete na kutoka, na mwanawe ndani yake, kwaheri. Askari wako hapa hapa. Wana boti za mwendo kasi na bunduki kubwa. Ghuba anaijua. Kwa nini mtu ahangaike na pistoni? Padri alikuwa amehubiri ushindi wa Bikira Maria, na mama huyu alikuwa amesikia mpango wa kazi.

Akajitanda kitenge, akaenda kambini. Afande Kiiza alikuwa mkubwa wa askari wa ziwani pale, mtu wa Hoima, na mkewe Jolly alikuwa mteja wa Kahambu wa siku zote. Kwa hiyo hakungojeshwa langoni. Alipewa kiti, akaeleza yote: ghuba, siku, saa ya alfajiri, petroli, chumvi. Hakumtaja Desire. Afande aliandika kidogo, akauliza kidogo. Kahambu akamwomba kitu kimoja tu, kwamba wasipige risasi, kwa sababu wanaovuta makasia ni watoto wa watu.

"Mama, sisi ni jeshi, si wezi," alisema Afande Kiiza. "Tutawaambia wajisalimishe. Mtoto yako atakula kwako hiyo Ijumaa."

Na alikuwa anasema kweli kama alivyoiona. Kahambu alirudi nyumbani mwepesi. Alinunua nyama. Alilala usingizi wa kwanza tangu mwezi wa nane.

Alhamisi jua likielekea milimani, boda boda ilisimama mlangoni, na Marlène akashuka na gunia. Nywele zimejaa vumbi, nguo zimejaa mafuta, anacheka na kulia kwa pamoja. Kosiya alikuwa ameifunga mbele ya macho yake, wakaiwasha ndani ya pipa la maji, ikanguruma, na mtaa mzima wa mafundi ukashangilia. Desire alikwisha itwa. Alikuja, akavuta kamba, injini ikaitika, akatabasamu. Akaipakia na kwenda nayo ziwani kulala huko, ili alfajiri asichelewe.

Hebu mfikirieni Kahambu saa ile, amesimama na kijiko cha mchuzi mkononi. Alitoka kama anayekwenda chooni, akakimbia. Mama wa umri ule, kitenge kimefunguka, alikimbia barabara ya kambini watoto wakimzomea. Langoni alikuta askari mwingine, asiyemjua. Akamwomba amwone Afande. Askari akamwambia Afande hayupo, ametoka na boti, na ametoka kwenda wapi raia haambiwi. Akamwomba apigiwe simu. Askari akamwuliza kama yeye ni mkewe. Akasema kuna ujumbe wa kufuta ujumbe wake wa jana. Askari alimcheka, si kwa ubaya, akamwambia arudi kesho.

Angeweza bado kumwendea Desire. Angeweza kumwambia Marlène, na Marlène ana miguu. Lakini Desire akijua angewaonya watu wa matete, na watu wa matete wakijua aliyewasema ni mama wa mpiga kasia wao, wangemfanya nini huyo mpiga kasia? Basi alirudi mdomo umefungwa. Njiani alijiambia kwamba pengine ni heri zaidi hivyo, askari upande huu na injini upande ule, mtoto hawezi kukosa kutoka kwa mlango mmojawapo. Marlène alimuuliza alikuwa wapi. Alisema alikwenda kumshukuru Mungu.

Ijumaa alikwenda sokoni kama kawaida, kwa kuogopa kukaa nyumbani. Habari zilifika na wauza samaki. Milio ilisikika alfajiri mpaka vijiji vya juu. Boti ya watu wa matete imezamishwa, askari wameshinda, hakuna askari hata mmoja aliyeumia. Soko likashangilia. Mtu mmoja alinunua soda akawagawia majirani, na chupa moja ikawekwa mbele ya Kahambu. Aliiacha pale, akaacha na chumvi, akapanda boda boda kuteremka Kayanja.

Waliokufa walikuwa wamelazwa kwenye majani, wamefunikwa turubai. Askari walimruhusu apite, kwa kuwa wengine walikwisha mjua ni mama aliyeleta ile habari. Hakuhitaji kufunuliwa uso. Aliijua miguu. Na kwenye kifundo cha mguu wa kulia palikuwa na kamba ya nailoni, imekazwa hadi imekata ngozi, na upande wa pili wa kamba palikuwa na kipande cha ubao wa boti, kimeng'oka na misumari yake. Aliyelala pembeni naye alikuwa na kamba. Na aliyefuata.

Ndivyo walivyofanya watu wa matete wakikaribia ufuko: waliwafunga wapiga kasia kwenye mabenchi, wasije wakaruka. Desire alilijua hilo. Afande Kiiza alimweleza Kahambu bila kumtazama kwamba waliwaita wajisalimishe kwa kipaza sauti, wakajibiwa kwa risasi, na bunduki kubwa ilipoitoboa boti, boti ikazama mara moja. Wenye bunduki waliruka, wakaingia matete, wengi wao wakaponyoka. Waliobaki na boti ni waliofungwa. Hakuna hata mmoja kati ya wale waliolala pale aliyekuwa na jeraha la risasi. Walizama na kiti.

Kahambu aliomba mwili wa mwanawe. Hapo Afande akavua kofia, akaivaa tena. Alisema imetangazwa kwamba waliokufa ni waasi, wakubwa wa Kasese wameshapongeza, na waasi huzikwa na serikali.

"Hapa hakuna mateka, mama," alisema polepole. "Ripoti imeshaenda."

Kahambu alikaa chini kwenye majani, akaushika ule mguu, akasema basi wamzike naye. Hakupiga kelele. Walijaribu kumwinua, akawa mzito kama gunia lake la chumvi. Mtu alimwita Padri Gracien, naye akaja na gari la parokia, akazungumza na Afande kando kwa muda mrefu, na baadaye wakakubaliana kwamba mwili utatoka bila kelele, na kwamba parokiani haitasemwa alikufa wapi. Padri mwenyewe alikata ile kamba kwa kisu cha askari.

Gari lilipopanda kuelekea Bwera, Kahambu alikaa nyuma na mwanawe, na Padri akaketi naye badala ya kukaa mbele. Karibu na nyumbani Kahambu akamuuliza.

"Kwenye ile vita ya Rozari. Merikebu zenye zilizama. Benye balifungwa minyororo, balienda wapi?"

Padri akakubali kwamba walizama nazo. Walikuwa wengi, alisema, hakuna ajuaye idadi. Na hata kwenye merikebu za msalaba palikuwa na watumwa wa kuvuta makasia, Waislamu, nao walikufa kwenye minyororo yao siku ile ile. Yote hayo yameandikwa, na yeye aliyasoma seminarini.

"Mbona hukusema?"

"Ilikuwa sikukuu, mama," alisema Padri Gracien, akafunika uso kwa mikono.

Kilio kilikuwa kikubwa, maana Marlène alikuwa amependwa na watu kwa ajili ya ile injini. Wanawake walijaa uani, Wanande, Wakonzo wenyeji, hata Jolly mke wa Afande alikuja akakaa nyuma. Na kilio hakikosi maneno. Desire alikuwa hajaonekana. Wavuvi walisema aliondoka alfajiri na mtumbwi na injini kuelekea ghubani, milio ilipoanza akageuza na kukimbilia ng'ambo, na hajarudi. Kuanzia hapo hesabu ya watu ikawa rahisi. Nani alijua ghuba? Desire. Nani amebaki na injini? Desire. Basi Desire ndiye aliyewauza kwa askari, akapata injini ya bure, na akikanyaga Mpondwe tena atachomwa moto na baiskeli yake. Vijana walikwisha livunja duka lake la samaki. Kila aliyeingia alisimuliwa hivyo, na kila aliyesimuliwa aliongeza kidogo.

Kahambu alikuwa kwenye mkeka wa mbele, kichwani kwa jeneza, mahali pa mama. Aliyasikia yote. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo wake ulikuwa mzito kuliko jiwe. Kila Desire alipotajwa alifungua mdomo, na kila mara alimwona Marlène akimtazama kwa yale macho yaliyovimba, macho yasiyo na mtu mwingine duniani isipokuwa yeye. Mara mwanamke mmoja akamletea maji. Akanywa, akafunga mdomo.

Kabla ya jeneza kuinuliwa, mjane hupewa nafasi ya kusema. Marlène alisimama, wakamshika mabega. Hakumtaja Desire kwa jina. Aliweka mkono juu ya ubao, sauti haimtoki vizuri, ikabidi watu wainame.

"Ule mutu mwenye alifungua kinywa kwa basoda ba kambini," alisema, "Mungu amunyime mutoto wa kumuzika."

Ua mzima uliitikia amina. Kahambu alikuwa na mkono wake juu ya jeneza, karibu na mkono wa Marlène. Akasema amina, kwa sauti ambayo hata waliokaa nyuma waliisikia, kisha akajisogeza kuwapisha wabebaji.